Je, Wajua? Marubani waligoma, Kenya Airways ikatikisika
Ukitoka Mji wa Kale, Mombasa, kwenda uwanja wa ndege wa Moi, unavuka daraja la Makupa. Lakini Novemba 5, 2022, kufika uwanjani hakukutosha. Marubani wa Kenya Airways waliomo katika chama cha KALPA waligoma na abiria wengi nchini wakakwama. Walidai kampuni irejeshe michango ya akiba yao ya uzeeni na ilipe mishahara iliyozuiliwa wakati wa korona. Mahakama iliwaamuru warudi kazini, wakarudi Novemba 9. Baadaye, mwaka 2024, kampuni hiyo ilipata faida ya Sh bilioni 5.4, ya kwanza baada ya miaka 11. Shirika likiyumba, jasho la wafanyakazi lisiwe la kwanza kukatwa.