Transfoma Inanguruma? Usikimbilie Dukani!

Washikaji, juzi kule Msangano nusura niumbuke. Harusi ya dada, mi ndiye bwana muziki. Nawasha amplifaya: transfoma inanguruma kama simba, spika kimya, harufu ya kuungua imetanda. Nikazima, nikaanza kuhesabu nauli ya Tunduma nikanunue nyingine.

Fundi redio mmoja akanicheka. Akachomoa plagi, maana volti 230 si mchezo, akatenganisha nyaya zinazotoka kwenye transfoma, akawasha tena. Kimya! Ingeendelea kunguruma na kuchemka, basi koili yenyewe imeungua. Kumbe mchawi ni dayodi iliyopiga shoti, inanyonya umeme kupita kiasi.

“Fyuzi iko wapi, mdogo wangu?”

Aibu! Nilishafunga waya siku nyingi. Fyuzi halisi ingekatika mapema. Akabadili dayodi, akaweka fyuzi, tukacheza hadi asubuhi. Na wewe je, cha kwako umefunga nini?