Kitufe cha 'Lipa' kikibofywa mara mbili, pesa za nani?

TUSEME umeunda tovuti ya kuuza omena ya Port Victoria, kule Budalang'i. Mteja yuko Busia mjini. Anabofya 'Lipa', ombi la M-Pesa linamfikia kwenye simu, anaweka nambari ya siri. Lakini ukurasa bado unazunguka tu. Baada ya dakika kadhaa anabofya tena, ombi jingine linakuja, naye kwa haraka za sokoni analipa. Chapaa imetoka mara mbili, gunia ni moja.

Wengi watamlaumu mteja. Mimi namlaumu aliyeandika programu.

Kitufe chenyewe hakijui lolote. Wewe ndiye unayekiambia: ukibofywa, ita kazi hii. Kazi hiyo inayokaa ikingoja kuitwa ndiyo wanaprogramu huiita kolubeki. Kwenye malipo ziko mbili: moja katika kivinjari cha mteja, nyingine kwenye seva yako.

Hiyo ya pili ndiyo huwapiga chenga wengi. Ukituma ombi kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa (jina limewafaa kweli), unajibiwa papo hapo kwamba ombi limepokelewa, pamoja na nambari ya utambulisho, CheckoutRequestID. Hayo si malipo! Matokeo huja baadaye, kwenye anwani ya seva uliyoitoa mwenyewe: 0 amelipa, 1 salio halitoshi, 1032 ameghairi, 2001 nambari ya siri si sahihi, 1037 simu haikupatikana. Hiyo ya mwisho itazame vizuri kama wateja wako wako Busia au Malaba, ambako simu inaweza kuhamia mtandao wa Uganda bila mwenyewe kujua.

Basi zima kitufe mara tu kinapobofywa na uandike 'Angalia simu yako'. Ila hilo pekee halitoshi, kwani mteja anaweza kuufungua ukurasa upya na kitufe kikarudi kizima kabisa. Seva ndiyo ikumbuke: oda hii ina ombi linalosubiri, lisitumwe jingine. Kolubeki ikifika mara mbili, isihesabiwe mara mbili. Pia linganisha kiasi na utambulisho na kumbukumbu zako, maana anayeijua anwani yako anaweza kukutumia 'amelipa' ya uongo.

Viungo navyo? Kazi ya kiungo ni kumpeleka mtu mahali, si kubadilisha kitu. Mwaka wa 2005 Google ilitoa Web Accelerator, iliyofungua viungo kabla hujavibofya ili kurasa zije upesi. Watumiaji wa Backpack, programu ya 37signals, wakakuta kurasa zao zimefutika, kwa sababu 'Futa' ilikuwa kiungo cha kawaida. Leo hii mtu akibandika kiungo WhatsApp, programu hukifungua yenyewe ili ionyeshe muhtasari. Kama kiungo hicho ni cha 'Ghairi oda', oda imekwenda. Weka kitufe kinachotuma fomu.

Daraja ina sehemu ya majaribio. Kabla hujamwita mteja wa kwanza, bofya 'Lipa' mara tano haraka haraka, zima data katikati, fungua ukurasa upya, halafu hesabu seva imetuma maombi mangapi kwa oda hiyo moja.