Upe Mkono Kazi Nyingine

Mara nyingi anayegundua wa kwanza ni msusi. Anafumua nywele, anapasua njia ili aanze kusuka upya, na pale utosini anakuta kipara kisichoeleweka. Kingetokana na rasta zilizokazwa mno, kingekaa mbele, kwenye paji la uso na pembeni mwa masikio. Yangekuwa mapunye, ngozi ingekuwa na magamba. Hiki kina nywele fupifupi zenye urefu usiolingana, nyingine ndiyo kwanza zinachomoza. Msusi mzoefu anaelewa, ananyamaza, anasuka kwa namna ya kuficha. Mteja naye ananyamaza.

Nywele hizo zimenyofolewa na mwenye kichwa, moja moja, kwa vidole vyake. Daktari wa ngozi wa Ufaransa, François Hallopeau, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1889 na kuupa jina linalotumika hadi leo, trikotilomania. Unakadiriwa kumpata mtu mmoja hadi wawili katika kila mia. Una ndugu zake: kudonoa ngozi na kubandua kigaga kabla kidonda hakijapona, kutumbua chunusi mpaka uso unabaki makovu, kutafuna ngozi ya ndani ya shavu, na ule unaochukuliwa kuwa mdogo kuliko yote, kung'ata kucha. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa madaktari wa Marekani, toleo la tano la mwaka 2013, uliweka kunyofoa nywele na kudonoa ngozi katika sura moja na ugonjwa wa kulazimika kurudiarudia mambo. Orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, imeyapa mazoea haya kundi lake lenyewe.

Nimeanza na hayo makusudi, kwa sababu majumbani mwetu mambo haya hayaitwi ugonjwa. Huitwa utundu, uchafu, ukosefu wa malezi, na nywele zikianza kuokotwa chini ya mto hawakosekani wa kusema ni mashetani. Mtoto anachapwa mkono kila unapofika mdomoni. Mtu mzima anaulizwa na wanaompenda: "Kwani huwezi kuacha tu?" Ni swali linaloumiza sana, maana amejiuliza mwenyewe kwa miaka.

Tuanze na sababu ya yeye kushindwa kuacha. Mtu akiwa na wasiwasi, misuli hukaza, moyo huenda mbio, mawazo hutawanyika. Kitendo kidogo cha vidole, kinachojirudia, huyakusanya mawazo hayo mahali pamoja. Kabla ya kunyofoa unywele kuna mvuto unaopanda, na ukishang'oka kuna nafuu. Nafuu ni fupi sana, pengine ya sekunde chache, na nyuma yake hufuata aibu. Lakini ubongo huifuata nafuu kwa sababu ndiyo iliyotangulia. Mvuto ukirudi kesho, mkono unajua njia. Baada ya miezi kadhaa hausubiri tena ruhusa.

Wapo wanaofanya wakijua kabisa, kioo mkononi, wakitafuta unywele mgumu au kipele kilichojitokeza. Wapo ambao mkono hupanda wenyewe, nao hushtuka wakiona nywele zimelala juu ya daftari. Wengi wana hali zote mbili kwa nyakati tofauti. Yule ambaye mkono hupanda wenyewe haifai kumhimiza awe na nia, kwani nia anayo. Anachokosa ni kuuona mkono wake ukiwa bado safarini.

Jambo jingine ambalo watu hulisahau: wasiwasi si chanzo pekee. Mwaka 2015 watafiti wa Montreal, Kieron O'Connor akiwa miongoni mwao, waliwaweka watu wenye mazoea haya katika hali mbalimbali, zikiwemo za hofu, za kuudhika, za kuchoshwa na za utulivu. Kuchoshwa na kuudhika viliuamsha mvuto kuliko utulivu, na watafiti walidokeza kwamba wenye mazoea haya huenda ni watu wanaojiwekea matarajio makubwa, wasiovumilia kukaa bila kazi. Wengi wanaotibu maradhi haya wanamfahamu mtu huyo. Ni mwanafunzi wa kwanza darasani, ni mhasibu asiyelala hadi hesabu ikubali. Anayemwona kwa nje hudhani ana kila kitu mkononi mwake.

Mazoea haya yasichanganywe na ule ugonjwa wa mtu anayerudia udhu mara nyingi kwa shaka kwamba haukutimia, au anayerudi mlangoni tena na tena kuhakikisha kufuli. Huyo husukumwa na wazo linalomtisha, na anarudia ili alifukuze. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na nafsi, na humo aliyatenga mawazo kama hayo yanayomganda mtu na huzuni, hasira na hofu. Anayenyofoa nywele mara nyingi hana wazo lolote la kutisha. Ana mvuto tu, na kidole kinachotafuta. Tiba zao hazifanani, kwa hiyo anayetibu lazima aulize vizuri kabla hajashauri.

Tiba yenye ushahidi mkubwa zaidi haina dawa ndani yake. Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Nathan Azrin na R. Gregory Nunn, walichapisha njia ya kugeuza mazoea, kwa ajili ya mazoea ya wasiwasi na mishtuko ya misuli kama kupepesa macho mfululizo. Walikuwa na watu 12 tu, lakini matokeo yalikuwa makubwa kiasi kwamba njia hiyo ingali msingi wa tiba hadi leo. Ukiitazama kwa haraka utaiona nyepesi mno. Ugumu wake uko katika kuifanya kila siku.

Sehemu ya kwanza ni kuufahamu mkono. Mtu anakaa mbele ya kioo na kuonyesha polepole kitendo chake kinavyoanza. Mkono upi? Unaegemea wapi kwanza? Kabla ya kufika utosini, je, unapita kwenye sikio? Anayedonoa uso atakuta kwamba kwanza vidole hupapasa shavu vikitafuta kitu kisicho laini, na kule kupapasa ndiko mwanzo. Kisha anaandika kwa wiki moja au mbili, kwenye daftari dogo au kwenye simu, saa, mahali na alichokuwa akihisi. Watu hushangazwa na daftari hilo. Mtu aliyeamini kwamba ananyofoa siku nzima anakuta karibu yote hutokea kati ya saa nne na saa sita usiku, kitandani, mkono mmoja umeshika simu na mwingine hauna kitu. Nasisitiza hatua hii kwa sababu wengi huiruka wakikimbilia kuacha. Wengine tabia huwapungua kwa kuandika tu, kabla hata ya kufundishwa kitu kingine.

Sehemu ya pili ni kuupa mkono kazi isiyoweza kufanyika pamoja na ile ya zamani. Mvuto unapokuja, au mkono ukishaanza kupanda, mtu anakunja ngumi taratibu, anaushusha mkono ubavuni na kuukaza kidogo kwa dakika moja hadi tatu huku akipumua polepole. Lazima kiwe kitendo kinachoweza kufanyika ndani ya daladala au kwenye kikao bila yeyote kugeuka kutazama, la sivyo hakitafanywa. Mvuto hupanda, hufika kilele, kisha hushuka wenyewe, na hilo mtu haliamini mpaka alione likitokea. Siku za mwanzo unaweza kushuka na kurudi muda mfupi baadaye. Anakunja ngumi tena.

Sehemu ya tatu ni mtu mmoja wa karibu, mmoja tu, aliyechaguliwa na mwenye tatizo. Kazi yake si ulinzi. Wanakubaliana ishara, labda kugusa bega, labda neno ambalo wengine mezani hawalielewi. Naye huona pale mkono ulipotulia na kusema. Dada anayesema "leo umeweza" anasaidia kuliko mama anayehesabu vidole kila jioni.

Pembeni ya hayo kuna kazi ya kuyapanga mazingira, nayo ni ya mtu na mtu. Kioo kinachokuza kitoke bafuni. Kibano cha nyusi apewe mtu mwingine akitunze. Kucha zikatwe fupi na kupigwa tupa ili pasiwe na ncha ya kuanzia. Plasta izungushwe kwenye kidole gumba na cha shahada saa ile ambayo daftari limeitaja. Nywele zifungwe lemba usiku, au zisukwe, ingawa kusuka kwa kukaza juu ya ngozi iliyokwisha kuumia ni kuongeza jeraha, na msusi aelezwe ukweli. Simu ilale mbali na kitanda. Hilo la simu nalitilia mkazo: likifuatwa, masaa mabaya ya wengi hupungua.

Vidole vinavyopenda kuchagua na kuchomoa vinaweza kupewa kitu cha kuchagua. Hapa mwambao hatuna haja ya kuagiza vifaa vya kuchezea kutoka ng'ambo. Kuchambua mchele hutumia ncha za vidole na macho yale yale. Kusuka ukili, kushona kofia, kuhesabu tasbihi au rozari, vyote huiweka mikono miwili kazini wakati mazungumzo au redio ikiendelea. Mwanamke aliyekuwa akinyofoa nyusi wakati wa tamthilia ya jioni anaweza kuitazama tamthilia ile ile akiwa na ukili mapajani.

Kwa asiyeweza kumfikia mtaalamu, kuna habari njema kutoka Ujerumani. Steffen Moritz na wenzake wa hospitali ya Chuo Kikuu cha Hamburg walijaribu njia ya kujifundisha mwenyewe: kusugua taratibu ncha za vidole, kiganja au nyuma ya mkono, kwa wepesi kama anayejipapasa. Utafiti wao wa mwaka 2023 ulikuwa na watu 268, kwa wiki 6. Zaidi ya nusu ya waliofundishwa walipata nafuu, ikilinganishwa na mtu mmoja hivi katika kila watano waliokuwa wakingoja zamu. Wanaong'ata kucha ndio walionufaika zaidi. Haigharimu chochote.

Dawa zina nafasi ndogo. Dawa za sonona na wasiwasi, ambazo humsaidia mtu mwenye sonona pembeni, zimeonyesha matokeo hafifu kwa kunyofoa nywele kwenyewe. Mwaka 2009 Jon Grant na wenzake walijaribu dawa iitwayo asetilisisteini kwa watu wazima 50, kwa wiki 12, na ikawasaidia wengi wa walioitumia. Jaribio la dawa hiyo la mwaka 2013 kwa watoto halikuonyesha tofauti yoyote na dawa bandia. Kinachonitia hofu ni diazepamu inayonunuliwa dukani bila cheti ili "kutuliza mishipa". Humlaza mtu, humzoesha, na akiamka mkono uko pale pale.

Kuna pia maradhi ya mwili yanayojificha humu. Anayejikuna usiku kucha achunguzwe upele kwanza. Anayetamani kutafuna udongo wa pemba au barafu, hasa mjamzito, apimwe damu, kwani upungufu wa madini ya chuma ni sababu ya kawaida ya tamaa hiyo.

Na wasiwasi wenyewe? Ngumi iliyokunjwa haitafuta deni, haitamwondoa mume anayepiga, wala kusogeza mbele mtihani wa kidato cha nne. Daftari likionyesha kwamba mkono hupanda kila baada ya simu ya mtu fulani, mazungumzo yahamie kwa mtu huyo. Pasipo kuugusa mzigo, tabia moja ikiondoka nyingine huweza kuchukua nafasi yake, na mtu akadhani tiba imeshindwa.

Kwa watoto naomba tofauti. Kunyonya kidole huachwa na wengi kati ya miaka miwili na minne bila vita, na kunyofoa nywele kwa mtoto mdogo mara nyingi hupita pia. Shubiri kidoleni inaweza kumsaidia mkubwa kidogo akiwa ameikubali mwenyewe, kwa sababu uchungu humkumbusha kitendo asichokiona. Pilipili isitumike, itaishia machoni. Fimbo humwongezea hofu ile ile inayoupandisha mkono, na humfundisha kujificha chooni. Muulize kuhusu shule, nani anamcheka, mwalimu yupi anamwogopesha, na uulize mkiwa mnafanya kazi pamoja, bila kumkazia macho.

Tabia hurudi. Msiba, mtihani, kufukuzwa kazi, na mkono unapanda kama zamani. Aliyekwisha kujifunza hahitaji miaka kutoka tena, arudie daftari na ngumi siku hiyo hiyo.

Yapo yasiyongoja kujifundisha. Kidole kilichovimba pembeni ya kucha na kutunga usaha, ule unaoitwa mdudu wa kidole, kitibiwe mapema. Ngozi iliyodonolewa ikawa nyekundu, ya moto, na mwenyewe ana homa, hiyo ni ya hospitali leo. Mtu anayesema hataki kuishi kwa sababu ya aibu asiachwe peke yake, apelekwe. Kliniki za afya ya akili zipo Muhimbili (Dar es Salaam), Mirembe (Dodoma), Mathari (Nairobi) na Kidongo Chekundu (Zanzibar), na hospitali ya wilaya inaweza kuandika rufaa. Na anayenyofoa nywele aulizwe, kwa upole na bila mshangao, kama huzimeza. Nywele haziyeyuki tumboni. Hujikusanya kuwa donge ambalo mara nyingine hujaza tumbo zima na kuteremka hadi kwenye utumbo, na lililokua hivyo huondolewa kwa upasuaji. Mtoto mwenye historia hiyo akianza kutapika, kushiba haraka, kukonda au kulalamika tumbo juu ya kitovu, mpelekeni hospitali, na daktari aambiwe habari ya nywele kabla hajaanza kutafuta vidonda vya tumbo.