Simiyu si njia ya kupita tu: Vivutio vinavyomsubiri mgeni kutoka Ghuba ya Speke hadi Pori la Akiba Maswa

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

Msafiri anayetoka Mwanza kwenda Musoma hufika Lamadi, wilayani Busega, mara nyingi bila kutambua kwamba yumo ndani ya Mkoa wa Simiyu. Kushoto kwake ni Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria. Kulia ni nyika inayoungana na Hifadhi ya Taifa Serengeti, na mwendo mfupi mbele lipo lango la Ndabaka, mlango wa magharibi wa hifadhi hiyo. Magari ya watalii husimama hapo kuongeza mafuta, abiria hununua maji, kisha safari huendelea. Fedha inayobaki Lamadi ni ndogo mno ikilinganishwa na thamani ya kile ambacho mgeni huyo amekwenda kukitazama.

Simiyu, uliomegwa kutoka Shinyanga na Mwanza na kuanzishwa rasmi mwaka 2012, una wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi zaidi ya milioni 2.1. Wengi huufahamu kwa pamba. Ni wachache wanaokumbuka kuwa upande wake wote wa mashariki unapakana na mfumo wa ikolojia wa Serengeti, ambao hifadhi yake kuu ina ukubwa wa kilomita za mraba 14,763 na imo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981.

Kwa mgeni mwenye siku mbili au tatu, Lamadi ndipo mahali pazuri pa kuanzia. Asubuhi ziwani huonekana mitumbwi ikirejea na dagaa, sato na sangara, pamoja na ndege wengi wa majini. Anayetaka kwenda majini atumie chombo chenye maboya ya kujiokolea na mwenyeji anayeijua ghuba hiyo, kwa kuwa upepo wa mchana huchafua maji kwa haraka. Kuogelea ufukweni hakushauriwi. Maji ya kina kifupi yenye majani huweza kuwa na vimelea vya kichocho, na mamba na viboko bado wapo.

Karibu na hapo lipo Pori la Akiba Kijereshi, dogo kwa eneo lakini limeshikana na Serengeti, hivyo wanyama huingia na kutoka. Ndani ya lango la Ndabaka huanza ukanda wa magharibi wa Serengeti, ambako makundi ya nyumbu hupita takribani kuanzia Mei hadi Julai yakielekea Mto Grumeti na kaskazini. Udongo wa huko ni mweusi na wenye kunata. Mvua ikinyesha, gari dogo halifai kabisa. Raia wa Tanzania hulipa kiingilio kwa shilingi na kwa kiwango cha chini sana kuliko mgeni wa nje, jambo ambalo familia nyingi za Bariadi na Maswa hazijalitumia ipasavyo.

Kutoka Lamadi hadi Bariadi ni kilomita 71.8 za lami. Mgeni akifika mjini wakati huohuo wa Mei hadi Agosti, hukuta msimu wa pamba umefunguliwa na mavuno yako ghalani. Ndio msimu wa mbina, yaani ngoma za Wasukuma, ambazo kwa vizazi vingi zimeshindanishwa kati ya makundi mawili ya Bagika na Bagalu. Mshindi ni yule aliyevuta watazamaji wengi, na ndiyo maana baadhi ya wachezaji huingia uwanjani na chatu au fisi. Mashindano ya baiskeli nayo yana mashabiki wengi katika ukanda huu. Mezani, mgeni aulize michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa kwa njia mbili tofauti.

Hata hivyo, kivutio kikubwa zaidi kiko kusini-mashariki. Pori la Akiba Maswa, lililo chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), linaungana na Serengeti na Ngorongoro. Ni nchi ya miamba mikubwa na misitu ya migunga, yenye tembo, nyati, simba na twiga. Tofauti na hifadhi ya taifa, ambako mgeni hukaa ndani ya gari kwa sehemu kubwa, katika pori la akiba matembezi ya miguu yanaweza kuruhusiwa akiwa na askari mwenye silaha. Sehemu ya pori hutumika kwa uwindaji wa kitalii, kwa hiyo ni lazima kupata kibali mapema na kufahamu kitalu kipi kiko wazi kwa picha. Kuingia bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Malipo hufanyika kwa namba ya malipo ya Serikali, wala si kwa fedha mkononi.

Wilayani Meatu ipo Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori Makao, iliyoundwa na vijiji vilivyotenga ardhi yao kwa ajili ya uhifadhi. Hapa utalii una maana ya moja kwa moja kwa mwananchi, kwa kuwa sehemu ya mapato ya wawekezaji hurudi vijijini. Tembo, hata hivyo, hawajui mpaka. Mkulima wa Meatu, Itilima au Busega anaweza kupoteza shamba la mahindi kwa usiku mmoja. Kifuta jasho kinachotolewa kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2011 si fidia kamili ya hasara, na kifuta machozi hakirudishi maisha ya mtu. Mgeni anayelala Bariadi au Mwanhuzi badala ya kupita tu, na kumlipa mwongozaji wa kijijini, humpa mkulima huyo sababu ya kuvumilia ujirani huo.

Mwananchi anayeona tembo karibu na makazi anatakiwa kutoa taarifa mara moja kwa serikali ya kijiji, ofisi ya wanyamapori ya wilaya au kituo cha TAWA kilicho karibu, na asijaribu kuwafukuza peke yake. Taarifa ya uharibifu wa mazao nayo ipelekwe mapema, ili tathmini ifanyike kabla alama za uharibifu hazijapotea shambani.