Figo Moja, Miji Mitatu



Mwaka jana mdogo wangu aishiye Mombasa alielezwa na daktari kwamba figo zake zote mbili zimekwisha nguvu. Tangu siku hiyo huenda hospitali mara tatu kwa wiki, na kila mara hulala saa nne damu yake ikisafishwa kwa mashine. Jamaa tulikutana kwa simu kutoka Muscat, London na Mombasa, na kila mmoja alikuwa na mji wake mdomoni. Shemeji yetu wa Muscat alitaja Chennai, kwa kuwa jirani yake alipona huko. Binti yangu alitaka tumlete hapa Uingereza tumuuguze wenyewe. Mgonjwa mwenyewe hakuulizwa, na hilo lanitia haya nikilikumbuka.

Shauri la Uingereza halikuchukua muda. Tangu 2015 mgeni asiye mkaazi hutozwa katika hospitali za serikali za England asilimia 150 ya bei iliyowekwa, na tangu 2017 matibabu yasiyo ya dharura hulipiwa kabla. Ukaazi wangu mimi haumfai yeye.

Ikabaki India, na hapa naomba mnivumilie, maana ndipo wengi wetu tunapoponzwa. Wapo wanaodhani kwamba kule figo hununuliwa kama samaki mnadani. Sheria yao ya mwaka 1994 imeharimisha biashara ya viungo. Mtoaji hutakiwa awe jamaa wa karibu, yaani mume au mke, mzazi, mtoto, au ndugu wa damu. Babu, bibi na mjukuu waliongezwa kwa marekebisho ya 2011. Asiye katika hao hupelekwa mbele ya kamati ya idhini. Na mgeni anayekwenda na mtoaji wake hudaiwa hati ya ubalozi wa nchi yake kuthibitisha udugu huo.

Mpwa wetu, kijana mwema, alikuwa amejitolea. Kwetu sisi mpwa ni mtoto. Katika sheria ile si mtoto. Wakala mmoja akatuambia tusihangaike, atatengeneza cheti cha kuzaliwa kimwoneshe kijana kuwa ni mwana wa mgonjwa. Bei yake ilikuwa nafuu pia, mpaka tulipouliza imejumuisha nini: upasuaji tu, bila ya malazi ya mwuguzaji, bila ya dawa za baadaye. Tukamwaga kwa adabu.

Ndipo dada yetu, mama wa yule kijana, aliposema kwamba damu yake na ipimwe. Ikaoana. Mumewe alikuwa na wasiwasi wa dini, nami nikamsomea azimio la wanazuoni wa Majmaa ya Fiqhi waliokutana Jeddah mwaka 1988: kutoa kiungo ukiwa hai kwaruhusiwa kwa masharti, na kukiuza ni haramu. Alinyamaza kitambo, kisha akatoa radhi yake.

Baada ya hapo swali lilibadilika. Upasuaji ni wa siku moja, lakini dawa za kuuzuia mwili usiikatae figo ngeni humezwa umri mzima, na damu hupimwa mara kwa mara ili kipimo cha dawa kirekebishwe. Nani atayafanya hayo Mombasa, ikiwa faili lote liko Chennai? Na dada naye atahitaji kuangaliwa miaka yote, kwani amebaki na figo moja. Kisha kuna chanjo ya homa ya manjano, ambayo India humdai atokaye Kenya siku kumi kabla ya kuwasili. Ni chanjo ya virusi hai, na aliyekwisha kubadilishwa figo hapewi. Mwenye safari ya namna hii na amwulize daktari wake mapema, si uwanjani.

Kenya yenyewe hubadilisha figo, Nairobi na Eldoret. Nilipomwuliza mdogo wangu, hatimaye, alijibu kwamba anataka mahali ambapo homa ikimpanda usiku ataweza kupanda basi.

Sasa yuko Nairobi pamoja na dada, katika chumba cha kupanga, wakingoja vipimo vya mwisho. Dada ameniagiza soksi za sufi. Anasema baridi ya Julai huko hakuambiwa na mtu.