Kinda Huyu Atafika Ligi Kuu? Kweli na Uongo vya Pembeni mwa Uwanja

Michezo ya shule za msingi (UMITASHUMTA) na ya sekondari (UMISSETA) inapoanza, kauli ni zilezile pembeni mwa viwanja vya kata zetu za Mabwerebwere, Ulaya, Kilangali na Mikumi wilayani Kilosa. Huyu ana mwili, mchukueni. Yule kafunga matano, ndiye mwenyewe. Wa tatu ameshafika miaka kumi na saba, muda wake umepita. Wanaosema hivyo hawana nia mbaya, lakini kauli zao ndizo zinazoamua nani apande gari kwenda kuchezea timu ya wilaya na nani abaki kijijini. Mtoto wa kata ya pembezoni akiachwa safari hiyo, mara nyingi hapati nyingine. Ndiyo maana inafaa tuzipime.

"Anayefunga sana mashindano ya shule atafunga na Ligi Kuu."

Si kweli. Idadi ya mabao haisemi yamefungwa dhidi ya nani. Katika michezo ya shule za sekondari, mvulana wa miaka 18 anaweza kupangiwa beki wa miaka 14. Atampita kwa mbio tu, mchana kutwa, bila kujifunza lolote. Siku atakapokutana na beki mwenye mbio kama zake, hana kitu kingine mfukoni.

Kosa hili la kuamini namba wamelilipia sana Wamarekani. Kwenye mpira wao, ule wa kushika kwa mikono, kuna mchezaji aitwaye kwotabeki. Ndiye anayepokea mpira kila shambulizi linapoanza na kuamua aurushe kwa nani. Klabu za NFL, ligi yao kuu, huwachagua vijana hawa kutoka vyuoni, baada ya kuwapima mbio, urefu, nguvu ya mkono, hata ukubwa wa kiganja. Pamoja na vipimo vyote hivyo, Ryan Leaf alichaguliwa wa pili nchi nzima mwaka 1998, akashindwa kabisa. JaMarcus Russell, aliyesifiwa kwa mkono wenye nguvu ya ajabu, alichaguliwa wa kwanza mwaka 2007, na baada ya misimu mitatu alikuwa nje ya ligi. Tom Brady aliachwa hadi nafasi ya 199 mwaka 2000, akaja kutwaa mataji saba ya Super Bowl, yaani ubingwa wa ligi hiyo. Mkono wa Brady haukumshangaza mtu. Alichokuwa nacho ni uamuzi sahihi ndani ya sekunde mbili tatu, huku wanaume wazito wakimjia kumwangusha, na hilo ni gumu kulipima kwa saa na futi kamba.

Kwetu mfano mzuri ni Mbwana Samatta. Mwaka 2011 Simba ilikutana na TP Mazembe katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Mazembe hao walikuwa wametoka kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu mwezi Desemba 2010. Uwanjani Simba ilizidiwa, lakini Mazembe waliondoka wakimtaka yule kijana wa miaka 18, na mwaka huohuo wakamsajili. Walikuwa wamemwona mbele ya mabeki wao wenyewe, katika mechi ngumu kuliko zote alizowahi kucheza. Alitwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2015, akaenda Genk, akawa bingwa wa Ubelgiji msimu wa 2018/2019 akiwa na mabao 23 ya ligi. Mwaka 2020 alifunga bao Wembley akiwa na Aston Villa, katika fainali ya Kombe la Ligi.

Kwa hiyo mwalimu anayetafuta mchezaji aitazame zaidi mechi ambayo timu yake imefungwa. Nani aliendelea kuomba mpira wakiwa nyuma kwa mawili? Nani alipoteza mpira kisha akaukimbilia yeye mwenyewe? Halafu atazame shingo. Mtafiti wa Norway, Geir Jordet, amewachunguza viungo wa Ligi Kuu ya England na kuonyesha kwamba wanaogeuza vichwa mara nyingi kabla mpira haujawafikia ndio wanaofikisha pasi nyingi zaidi. Frank Lampard alikuwa mmoja wao. Jambo hilo huonekana hata kwenye uwanja wa vumbi usio na mistari, na halihitaji kamera.

"Mwenye mwili mkubwa ndiye mwenye mpira mkubwa."

Si kweli, na kauli hii imewanyima wengi haki yao. Watoto wawili waliozaliwa mwaka mmoja wanaweza kupishana ukuaji kwa miaka kadhaa. Mmoja amebalehe akiwa na miaka 12, mwenzake atabalehe akiwa na 15. Katika darasa moja la kidato cha pili, wa kwanza ni mwanamume na wa pili bado ni mtoto. Wa kwanza anapangwa, wa pili anabeba maji. Baada ya miaka minne wanalingana urefu, lakini mmoja ameshacheza mechi nyingi na mwenzake hana hata moja.

Zaidi ya hapo, huyo mdogo akipata nafasi ya kucheza na wakubwa, hulazimika kufikiri haraka kwa sababu hawezi kushinda kwa kusukumana. Luka Modrić alionekana mdogo mno na dhaifu utotoni, akaja kuwa mchezaji bora wa dunia mwaka 2018. Klabu za England zimejaribu kuwapanga vijana kwa kiwango cha ukuaji badala ya mwaka wa kuzaliwa, na sioni kwa nini bonanza la kata lishindwe kufanya hivyo kwa Jumamosi moja.

"Umri wa mpira humsaidia kijana."

Si kweli hata kidogo. Najua hili linauma, kwa sababu wanaoshauri kupunguza umri mara nyingi ni watu wanaompenda kijana. Tangu Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 la mwaka 2009 kule Nigeria, FIFA hutumia kipimo cha MRI kwenye kifundo cha mkono. Mfupa wa hapo una sehemu laini inayokua, na ikishafunga kabisa, uwezekano wa kijana kuwa chini ya miaka 17 ni mdogo sana.

Sisi tumeuona mkono wa kanuni ya umri kwa karibu. Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya chini ya miaka 17, walikwenda Gabon kwenye fainali za Afrika mwaka 2017 kwa sababu Congo-Brazzaville iliondolewa, baada ya kushindwa kumfikisha Cairo mchezaji aliyetakiwa kupimwa umri. Mwaka 2019 fainali hizo zilichezwa hapa nchini, Dar es Salaam. Guinea ilifika hadi mechi ya mwisho, kisha ikaondolewa na kupoteza nafasi ya Kombe la Dunia. Wachezaji wake wawili walikuwa wamecheza mashindano Japan miaka miwili kabla, wakiwa na pasi zenye tarehe nyingine za kuzaliwa.

Hata asipokamatwa, kijana anajiumiza. Msaka vipaji anayemtazama wa miaka 16 hununua ukuaji uliobaki. Kama kweli ana 20, ukuaji huo haupo, na msimu ujao ataonekana amesimama palepale. Halafu cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cheti cha darasa la saba kinasema vile, na safari inakufa mezani.

"Kipaji cha kijijini hakionekani bila kwenda Dar."

Nusu kweli. Waamuzi wa usajili wengi wako Dar es Salaam, hilo halibishaniwi. Lakini jirani zetu wa Mvomero wana Mtibwa Sugar pale Turiani, katikati ya mashamba ya miwa, timu iliyotwaa ubingwa wa Bara mwaka 1999 na 2000 na inayojulikana kwa kukuza vijana. Shiza Kichuya alitoka Mtibwa kwenda Simba mwaka 2016. Nauli ya Turiani si ya Dar, na kijana atacheza karibu na kwao badala ya kulala kwenye chumba cha kupanga akisubiri kuitwa.

"Mpira wa wasichana hauna soko."

Si kweli. Serengeti Girls waliifunga Ufaransa 2-1 na kufika robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 nchini India mwaka 2022. Wasichana wa shule ya Fountain Gate ya Dodoma walitwaa ubingwa wa shule za Afrika mwaka 2023. Mtanzania Clara Luvanga amechezea Al Nassr ya Saudi Arabia.

"Asiyechaguliwa akiwa na miaka 17 amekwisha."

Si kweli. Jamie Vardy alijiunga na Leicester mwaka 2012 akiwa na miaka 25, akitokea madaraja ya chini, na mwaka 2016 alikuwa bingwa wa England.

"Kuna wakala anaweza kumpeleka mtoto wa miaka 15 Ulaya, mradi mzazi achangie gharama."

Si kweli, na hapa naomba wazazi wasome mara mbili. Kifungu cha 19 cha kanuni za uhamisho za FIFA kinazuia uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache, kama wazazi kuhamia nchi hiyo kwa shughuli zisizohusu mpira. Wakala halali ana leseni ya FIFA, na kwa mtoto haruhusiwi kusaini mkataba wa kumwakilisha bila idhini ya maandishi ya mzazi au mlezi. Anayeomba milioni mbili za "majaribio" kwa mtoto wa miaka 15 anaomba shamba lako.

"Kumsajili mtoto kwenye timu ya kijiji ni makaratasi tu."

Si kweli. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Ada ikiwa shilingi bilioni 1, mgawo huo ni milioni 50. Kila mwaka wa malezi kati ya miaka 12 na 15 una thamani ya milioni 2.5, na kila mwaka kuanzia 16 ni milioni 5. Timu ambayo haikumsajili rasmi haipati kitu, hata kama ndiyo iliyomnunulia njumu za kwanza.

Mwalimu wa michezo wa Mabwerebwere, fungua daftari muhula huu. Andika tarehe halisi ya kuzaliwa ya kila mchezaji, pima urefu wake kila baada ya miezi mitatu, na ueleze alivyocheza siku mlipofungwa. Wasajili watoto hao kupitia chama cha soka cha wilaya kabla mtu mwingine hajaja kuwadai.