Kabla feza ya likelemba haijanunua televizyo



Katika vikundi vyetu swali moja linarudi kila mara zamu ya likelemba inapobadilika: mama akipokea feza yake, anaweza kununua televizyo ya kioo bapa, ile watu wanaita ekra plati, ao ni kuharibu feza? Wengine wanajibu upesi kwamba ni anasa. Wengine wanasema kila nyumba inayo, kwa nini yao ikose. Sisi walimu tunaoandika ukurasa huu tunaona kwamba majibu yote mawili ni mafupi sana.

Tuanze na sababu ya wamama wanaoitaka. Hapa Bukavu watoto wasio na televizyo nyumbani wanaitafuta kwingine: kwa jirani, ao katika vyumba vya video ambako mwenye nyumba ndiye anayechagua filamu. Wanarudi giza limekwisha kuingia, na wasichana ndio tunaowaogopea zaidi. Mama anayetaka watoto wake wakae nyumbani jioni hana mawazo ya anasa.

Lakini feza ni ile ile moja. Tangu mwezi wa 9 mwaka 2019 masomo ya shule za msingi za serikali yametangazwa kuwa ya bure, lakini mtoto akifika sekondari, minervali inatungoja. Ndiyo maana tunaomba kila mama apige hesabu nyumbani, kabla ya kusimama mbele ya mwuzaji.

Hesabu nzima

Tuseme likelemba ina wamama 15, kila mmoja anatoa dola 10 kwa juma. Anayepokea anapata dola 150. Akitumia zote 150 kwa televizyo peke yake, atafika nyumbani na kioo kisichoonyesha kitu. Inapashwa kuandika vyote kwenye karatasi moja: televizyo, stabilizateri ya kulinda umeme, antena ao dekoderi, waya, na usafiri. Halafu, chini kabisa, abonema ya dekoderi. Hiyo italipwa kila mwezi, na mwezi usipolipwa, picha zinakatwa. Mama azidishe abonema ya mwezi mmoja mara 12, kisha alinganishe na minervali ya mtoto mmoja. Hapo ataona mwenyewe kama anaweza.

Ukubwa unaotosha

Televizyo inapimwa kwa inchi, wauzaji wengi wanasema pusi. Inchi moja ni sentimeta 2,54, na kioo kinapimwa kutoka pembe moja ya chini mpaka pembe ya juu upande wa pili, bila kuhesabu fremu. Kwa hiyo inchi 24 ni karibu sentimeta 61, inchi 32 ni karibu 81, na inchi 43 ni karibu 109. Chukueni mita ya kushonea ndani ya kikapu mkapime wenyewe. Maandishi makubwa ya karto si ya kutegemea. Someni karatasi ndogo iliyobandikwa nyuma ya televizyo yenyewe.

Kwa chumba chetu cha kawaida, ambamo tunakaa meta moja na nusu ao mbili mbele ya ukuta, inchi 32 zinatosha. Zile zinazoitwa «smart» zinahitaji intaneti ili zionyeshe faida yake. Nyumba isiyo na feza ya kununua mega kila siku italipa kitu isichokitumia. Afazali kuangalia kama kuna tundu la USB na la HDMI, kwa sababu kwa ufunguo wa USB tunaweza kuonyesha masomo, nyimbo na filamu tulizochagua sisi wenyewe, bila abonema.

Umeme wetu

Umeme wa mji wetu unatoka katika mitambo ya mto Ruzizi, na Ruzizi II tunaigawana na Rwanda na Burundi. Delestaji tunaijua wote. Saa kura inaporudi gafula, mara nyingi inakuja na nguvu nyingi kupita kiasi, na vyombo vingi vinaungua kwa dakika hiyo. Umeme ukikatika, toeni televizyo kwenye prizi, mngoje dakika chache baada ya kurudi kwake. Stabilizateri nayo iwe nzima; ya bei ndogo sana isiyo na uzito mara nyingi ni sanduku tupu lenye taa.

Nyuma ya televizyo kunaandikwa volti. Ikiwa ni 100–240, inavumilia umeme wetu wa 220 hata ukishuka. Ikiwa ni 110 ao 120 peke yake, ilitengenezwa kwa nchi kama Marekani, na ukiichomeka hapa moja kwa moja itaungua.

Wamama walio mbali na laini ya umeme wanatumia pano ya jua na bateri. Hesabu yake ni hii. Televizyo ya LED ya inchi 32 inakula wati 30 mpaka 60 hivi. Tuchukue 50, tuongeze 15 za dekoderi, ni 65. Kwa saa 4 ni 260. Bateri ya volti 12 na amperi-saa 50 ina 600, lakini bateri za kawaida za risasi hazipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo tunayo 300 tu. Na kile chombo kinachogeuza kura ya bateri kuwa 220 kinakula chake pia. Basi saa 4 ndiyo mwisho. Anayetaka kuangalia usiku mzima ataua bateri yake kwa miezi michache. Ziko pia televizyo zinazokubali volti 12 moja kwa moja, nazo zinafaa kwa nyumba kama hizo.

Wenye jenereta, tafazali: jenereta inakaa inje, mbali na mlango na dirisha. Moshi wake una gazi isiyo na harufu, inayoua watu wakiwa wamelala.

Mbele ya mwuzaji

Iwe Kadutu, iwe Nyawera, iwe katika magazini ya mjini, nendeni mchana na mwende wawili. Mwombeni mwuzaji awashe televizyo, na ibaki inawaka nusu saa. Mwekeni picha nyeupe, kisha nyeusi. Kwenye nyeupe mtaona madoa na mistari. Kwenye nyeusi mtaona pembe zinazovujisha mwanga. Sikilizeni sauti ikiwa juu. Jaribuni kila tundu, na kila kibonyezo cha telekomande. Mwuzaji anayekataa kuwasha, tunamwaga kwa heshima na kwenda kwa mwingine.

Kwa zile zilizokwisha kutumiwa Ulaya, macho yawe makali zaidi. Kioo kikipasuka, bei ya kukibadilisha inakaribia bei ya televizyo nyingine, na mafundi wengi watawashauri kuacha.

Kisha ombeni fakture. Iandikwe aina ya televizyo, inchi, namba iliyo nyuma yake, tarehe, bei, na siku za garanti. Namba ya kwenye karto na ya nyuma ya televizyo zipashwe kuwa moja. Njiani televizyo inabebwa ikiwa imesimama, ndani ya karto na povu lake. Hailazwi kifudifudi, na barabara zetu mnazijua.

Fakture kwa jina la nani?

Hapa tunaomba msisome haraka. Wamama wengine wanaogopa kuweka jina lao kwenye fakture, eti sheria haiwaruhusu. Kodi ya Familia ya mwaka 1987 ilidai kweli ruhusa ya bwana ili mke aliyeolewa afanye mapatano ya kisheria. Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 2016 iliondoa ruhusa hiyo. Sasa inaomba bwana na bibi wapatane juu ya mambo yanayowafunga, na hiyo inawahusu wote wawili: bwana naye anapashwa kupatana na bibi.

Kwa hiyo mama aliyenunua kwa feza ya likelemba yake anaweza kuandikisha jina lake. Katika vikundi tumesikia zaidi ya mara moja televizyo ya mama ikitolewa kuwa rehani kwa deni ambalo hakulijua. Karatasi yenye jina lake haimalizi ugomvi, lakini inampa pa kuanzia kusema. Na kama mnataka kununua kwa deni, zungumzeni kwanza na bwana, mwandike ni nani atalipa, na mwezi gani.

Watoto mbele ya kioo

Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa mashauri mwaka 2019: mtoto ambaye hajafikisha miaka 2 asiwekwe mbele ya kioo, na wa miaka 2 mpaka 4 asizidishe saa moja kwa siku. Televizyo isiwe yaya. Meza yake iwe nzito na iguse ukuta, kwa sababu mtoto akiivuta inamwangukia.

Kwa wanafunzi, sisi walimu tunaomba jambo dogo. Devwari kwanza, kioo baadaye, na saa ya kuzima ijulikane na wote, baba akiwemo. Baada ya taarifa ya habari, mwulizeni mtoto maswali matatu: ni nani, ni wapi, ni kwa sababu gani? Mtoto anayezoea kujibu hivyo nyumbani tunamtambua darasani, anapoandika insha yake.

Sasa jibu letu kwa lile swali la kwanza. Ikiwa bado kuna minervali ya muhula huu, deni la hospitali ao kodi ya nyumba, televizyo ingoje mzunguko mwingine. Ikiwa hayo yamelipwa, na abonema imo ndani ya hesabu, nunueni bila haya. Kwa kikao kijacho, kila mama aliyekwisha kununua alete fakture yake tuisome pamoja: tuone imeandikwa nini, na jina la nani.